Duara la Viberiti na Mvua ya Desemba

Kwenye chai ya kuniaga, hotuba zikiwa zimekwisha na sambusa bado zipo, mmoja wenu alinisogelea kwa adabu zote. "Shikamoo mama. Samahani, ile maktaba yetu ya hesabu, kwa nini ina njia mbili za kusoma safu? Mimi naona tuziunganishe iwe moja tu, programu ziwe fupi." Nilimwambia nitamjibu kwa maandishi. Kwanza mdomo ulikuwa umejaa, na pili jibu ni refu na lina watu ndani yake. Ndilo hili. Ukishalisoma na bado ukataka kuziunganisha, mimi nipo Chamwino, nyumba inajulikana. Njoo tugombane.

Vyeo nilivyopewa na nilivyonyimwa vimo kwenye faili langu masjala, anayevitaka akavisome huko. Mimi naanzia siku ya kwanza.

Nilianza kazi miaka ile ya ruksa, nchi ndiyo kwanza inafungua milango. Sabuni ilikuwa imerudi madukani, mitumba imejaa sokoni, na malori ya watu binafsi yalizunguka vijijini kununua na kuuza nafaka, kazi ambayo sisi tulikua tukijua ni ya serikali peke yake. Katika pilikapilika hizo ofisi yetu ndogo ya takwimu za mvua na mazao ikaletewa kompyuta mbili. Mimi niliajiriwa kuingiza namba, kwa kuwa nilisoma Mvumi na nilikuwa najua kupiga chapa bila kutazama vidole. Nilikuja na gauni jipya na viatu vya kuazima, nikidhani nitakaribishwa kwenye mashine.

Wapi! Mzee Mhando hakuniruhusu hata kuisogelea. Alikuwa mtu wa Tanga, mrefu, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, na maktaba ile aliiandika yeye mwenyewe mstari kwa mstari. Kwa atakayesoma hapa na si wa kazi hii, maktaba tunayosema si ya vitabu. Ni mkusanyo wa vipande vya programu vya kujumlisha, kutafuta wastani, kulinganisha mwaka na mwaka, na programu nyingine zote huviita vizifanyie kazi. Ukikosea kwenye programu, umekosea hiyo moja. Ukikosea kwenye maktaba, umekosea zote.

Alinipa ubao wa duara wa plaiwudi uliogandishwa viberiti vitupu pembeni, kuuzunguka wote. Ndio huo unaoning'inia ukutani mpaka leo, mnaoufuta vumbi bila kujua ni wa nini.

"Mwaka tunaugawa siku kumi kumi," akasema. "Kila mwezi una makumi matatu. Mwaka mzima?"

"Thelathini na sita, mzee."

"Haya. Hii ndiyo safu. Kila kiberiti kinabeba mvua ya siku kumi. Kiberiti cha kwanza ni namba ngapi?"

"Moja."

"Sifuri."

Nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Ilinichukua mwezi mzima kuzoea, na hata sasa nikihesabu mayai sokoni wakati mwingine najikamata.

"Na ukiomba kiberiti kinachofuata baada ya cha mwisho?" akauliza.

"Hakipo."

Akauzungusha ule ubao mikononi mwake. "Unarudi mwanzo, binti. Huku kwenu mvua ni ya msimu mmoja. Inaanza Desemba, inaishia Aprili, na mwaka mpya unaingia katikati yake. Mashine isipozunguka, msimu wenu utakatika usiku wa mwaka mpya, nusu huku, nusu kule."

Basi hivyo ndivyo maktaba yetu ilivyokuwa. Ukiomba namba iliyozidi mwisho wa safu, inazunguka na kukupa ya mwanzo, kimya kimya. Mzee hakulinakili jambo hilo kutoka kitabu chochote. Alilibuni kwa ajili ya mvua ya Ugogo, yeye mtu wa Tanga, na kwa hilo nilimpenda.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mikono kuliko mnavyodhani. Adui wetu mkubwa alikuwa vumbi. Kila jioni tulizifunika mashine kwa shuka, na diski tulizitunza ndani ya kopo la biskuti lenye mfuniko mzuri kuliko kabati la serikali. Printa ilikuwa ikipiga kelele hadi watu wa ofisi ya pili wanafunga mlango. Na namba zenyewe zilitoka mbali. Kila kijiji chenye kipimo cha mvua kilikuwa na msomaji wake, mara nyingi mwalimu wa shule ya msingi. Saa tatu asubuhi anamimina maji kwenye bilauri yenye mistari, anasoma, anaandika kwenye daftari, kisha ananakili kwenye fomu na kumpa yeyote mwenye safari ya mjini. Fomu zilitufikia zimekunjwa, zimelowa chai, moja ilifika imefungiwa karanga. Lakini zilifika.

Mzee Mhando alipostaafu alihamia Kizota, akafungua karakana ya kusuka upya mota za mashine za kusaga. Maktaba nikaachiwa mimi, pamoja na duara la viberiti.

Sasa hapa nasema jambo ambalo kwa miaka mingi nililisema nusu. Msimu mmoja, mwezi wa Machi, mama yangu aliniletea barua kutoka kijijini kwetu, upande wa nyuma ya Chamwino. Mama hajui kusoma. Barua zake huandikwa na katekista, na za kwangu husomwa na katekista huyo huyo, Jumapili baada ya ibada, pale nje ya kanisa, maana kwetu barua ya mjini ni ya watu wote. Aliandikisha hivi: mvua imekata tangu Januari, mtama umekauka ukiwa na urefu wa goti, uwaambie wakubwa wako.

Nikaenda kwenye kabati, nikatoa ripoti niliyoitia sahihi mwenyewe. Kituo cha kijijini kwetu: mwisho wa Januari mvua nzuri, Februari mvua nzuri. Nikaona mama anakuza mambo, kama wazazi wanavyofanya wakitaka mtoto aende kuwatembelea. Nikajibu: "Mama, tarakimu za ofisi zinaonesha mvua imenyesha. Muwe na subira." Jamani, nilijiona msomi! Mama hakujibu, nami nikadhani mambo yametengemaa.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Aprili, tukawa tunaandaa orodha ya vijiji vilivyokosa mvua. Orodha hiyo ndiyo iliyoamua nani atapata mahindi ya msaada na mbegu za mtama za msimu ujao. Na si serikali peke yake iliyoitazama. Wenye malori walikuwa wakija kuichungulia ili wajue wapi kuna njaa, wapeleke mahindi ya kuuza. Kijiji kisichokuwemo kilipitwa na wote. Kikao cha mkoa kilikuwa Ijumaa. Jumatatu asubuhi akaingia mtu mlangoni, vumbi mpaka kwenye kope, daftari kwapani.

"Hamjambo hapa. Namtafuta anayehusika na mvua."

"Hatujambo. Ni mimi."

"Mimi ni Mwalimu Yohana, msomaji wa kipimo cha Chilamba. Nimepanda lori la ng'ombe kuja hapa. Nimeona kwa afisa kilimo ripoti yenu. Dada yangu, hiyo mvua ya Februari mliyoiandika Chilamba, ilimnyeshea nani?"

Nikampa kiti. Nikamtolea ripoti, nikitegemea kumwelewesha. Akaiweka pembeni ya daftari lake, akapitisha kidole chini taratibu, kisha kidole kikasimama.

"Loo! Hizi ni namba zangu za Desemba."

"Haiwezekani, mwalimu."

"Hebu tazama mwenyewe."

Nikatazama. Mwisho wa Januari tulikuwa tumeandika kumi la kwanza la Desemba. Mwanzo wa Februari, kumi la pili la Desemba. Zinafuatana vile vile, mpaka nukta.

"Kwani fomu za baada ya katikati ya Januari uliandika nini?"

"Sikuleta. Bilauri ya kupimia ilivunjika. Niliwaandikia barua mniletee nyingine, hamkujibu."

"Lakini kwa maneno yako mvua haikunyesha kabisa. Si ungeandika sifuri tu?"

Akanitazama kama ninavyofikiri huwatazama wanafunzi wanaoibia mtihani. "Dada, sifuri ni kipimo. Mimi sikuwa na cha kupimia. Siwezi kuandika nilichopima wakati sikupima."

Hapo ndipo nilipoelewa yote kwa mpigo. Daftari la Chilamba lilikuwa na makumi matano tu, kuanzia Desemba mpaka katikati ya Januari. Programu ikaomba la sita. Maktaba haikusema halipo. Ilizunguka kama duara la Mzee, ikarudi Desemba, ikaleta mvua iliyootesha mbegu na kuiandika pale mimea ilipokuwa inakufa. Mtu alikataa kusema uongo hata wa sifuri moja, na mashine yetu ikamsemea uongo mkubwa zaidi.

Nikaenda kwa Bwana Kaaya, mkuu wetu wa kitengo. Hakuwa mtu mbaya, ila aliogopa vikao kuliko magonjwa.

"Bi Yunis, andika sifuri hapo Chilamba kwa kalamu, tuchape, twende."

"Sifuri nayo si kweli, bwana. Na vijiji vingine? Hatujui ni vingapi."

"Maktaba hii imefanya kazi miaka yote bila kulalamika."

"Hilo ndilo kosa lake. Ilitakiwa ilalamike."

"Unataka kuibadilisha? Ukigusa maktaba, programu zote zitakwama. Kikao ni Ijumaa!"

"Na leo ni Jumatatu," nikamwambia, nikatoka. Nilikuwa nimeshaamua. Mwalimu Yohana naye aliamua lake. Alisema haondoki mjini mpaka aone jina la Chilamba kwenye karatasi. Alikuwa na shemeji yake wa kumlaza, na mchana aliketi kwenye benchi nje ya mlango wetu, akisahihisha madaftari ya wanafunzi aliyokuja nayo kwenye mfuko. Siku nne. Kila nikiinua kichwa namwona na kalamu yake nyekundu.

Jambo la kwanza nilikwenda Kizota. Sikutaka kuvunja kazi ya mtu aliye hai bila kumwambia. Nilimkuta Mzee Mhando amekaa juu ya debe, mota imefunuliwa mapajani. Nilikuwa nimebeba duara la viberiti na ile ripoti. Nikamweleza. Alisoma namba za Desemba mara mbili, akavua miwani.

"Nilisema inazunguka," akasema polepole. "Sikujiuliza ikiwa haijajaa."

"Nataka kuondoa mzunguko, mzee."

"Usiuondoe!" Sauti ilipanda. "Ukiuondoa, msimu utakatika mwaka mpya. Umesahau?"

"Sijasahau. Lakini ukibaki, watu wanakosa chakula."

Akachukua kipande cha chaki, akachora sakafuni duara. Kando yake akachora mstari ulionyooka, mwisho wake akapiga alama ya kufunga. Alionesha duara. "Hii ni kalenda. Tarehe zinarudi kila mwaka, acha izunguke." Akaonesha mstari. "Hili ni daftari la mwalimu wako. Daftari lina ukurasa wa mwisho. Mimi nilivitia vyote kwenye kiberiti kimoja. Kosa ni langu."

"Si kosa lako peke yako, mzee. Nimekaa nalo miaka."

"Basi nenda ukalitoe. Mbona umekaa?"

Ndipo zilipozaliwa njia mbili. Njia ya kalenda inazunguka kama zamani. Njia ya daftari, ukiiomba zaidi ya kilichomo, inasimama pale pale na kuandika HAKUNA TAARIFA. Sifuri ya mwanzo niliiacha ilivyo, kwa heshima ya Mzee. Kuiandika maktaba hakukuchukua hata siku. Kilichonitoa jasho ni programu kumi na saba zilizokuwa zikiitegemea. Nilizipitia moja moja, na kila mahali palipoitwa safu nilijiuliza: hapa tunauliza tarehe, au tunauliza alichoandika mtu? Jumatano umeme ulikatika tangu asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Orodha za programu nilikuwa nimezichapa jana yake, nikazifanyia kazi kwa penseli kwenye benchi, karibu na mwalimu. Hakuniuliza nimefika wapi. Alinichongea penseli.

Alhamisi saa nane mchana nikaendesha programu ya orodha. Kituo cha kwanza, sawa. Cha pili, sawa. Chilamba ikasimama: HAKUNA TAARIFA. Nikapiga makofi peke yangu. Kisha ikasimama pengine. Na pengine. Mpaka mwisho, vituo tisa. Makofi yaliniishia mikononi. Baadaye tulikuja kujua sababu: wengine walikuwa wameishiwa fomu, wengine wamehamishwa, mmoja alikuwa amefariki tangu Krismasi, na sisi tuliendelea kumwandikia mvua.

Bwana Kaaya alishika karatasi kama inamuunguza. "Nipeleke kwa wakubwa orodha yenye matundu?"

"Ndiyo, bwana. Hayo matundu ndiyo taarifa. Waambie hatujui, uombe gari likatazame."

"Wataniuliza kwa nini miaka iliyopita hakukuwa na matundu."

"Yalikuwepo. Tuliyaziba."

Akakaa. Nikamwita Mwalimu Yohana ndani, nikamwambia aoneshe daftari. Alilifungua tu mbele ya mkuu, ukurasa wa Januari, pale maandishi yanapokoma na chini yake sentensi moja: "Bilauri imevunjika, sipimi." Bwana Kaaya aliisoma, akaitazama karatasi yetu, akaitia kwenye mkoba wake. Ijumaa aliipeleka na matundu yake. Walimfokea, alituambia mwenyewe. Lakini gari lilitolewa. Katika vijiji tisa, sita vilikutwa vimekauka, Chilamba kikiwa cha kwanza. Mwalimu alirudi kwao na jina la kijiji kwenye nakala, na bilauri mpya ameifungia ndani ya sweta.

Ningeishia hapo, kama nilivyozoea kuishia nikiwasimulia, mngenipigia makofi. Ila lile neno langu kwa mkuu lilikuwa halinitoki: tuliyaziba. Wiki iliyofuata nikafungua kopo la biskuti, nikatoa diski za misimu iliyopita, nikaanza na ule wa mwaka mmoja nyuma. Ilikuwa inasimama hapa na pale, nami naandika majina. Kisha ikasimama kijijini kwetu.

Msomaji wa kule alihamishwa katikati ya Januari. Mvua niliyomwandikia mama ilikuwa ya Desemba.

Sikumwambia mtu. Nilifunika mashine, nikaomba ruhusa ya siku mbili, nikaenda nyumbani. Mama alikuwa anapepeta. Nilimwamkia, nikakaa chini, nikamweleza kwa Kigogo chetu, maana kwa Kiswahili ningejificha nyuma ya maneno ya ofisini. Nikamwambia kwamba alisema kweli, na mimi niliandika uongo, nikautia sahihi.

Hakuacha kupepeta. "Mwaka ule tulikula mbegu," akasema. "Nikaenda kulima vibarua kwa watu, na umri huu. Njaa siyo iliyoniuma sana, mwanangu. Barua yako ilisomwa mbele ya watu wote. Tangu siku ile nikisema jambo, wananiambia, mama Yunis, tarakimu zinasemaje? Wananiita mwongo wa mvua."

Nilianza kulia. Akaniacha nilie mpaka nikamaliza, ndipo akaweka ungo chini.

"Ile ilisomwa mbele ya watu. Na hii ikasomwe mbele ya watu."

Jumapili, baada ya ibada, katekista alinyoosha mkono apokee karatasi kama kawaida. Nikamwambia leo nitasoma mwenyewe. Watu walisimama pale uwanjani, mama mbele, amejifunga kitenge kipya. Nikasoma: "Mwaka jana, kuanzia katikati ya Januari, mvua haikunyesha hapa. Mama yangu aliniambia kweli. Ofisi yetu iliandika uongo, na aliyeutia sahihi ni mimi, Yunis."

Nikaanza kukunja karatasi.

"Soma tena," mama akasema. "Wa nyuma hawakusikia."

Nikasoma tena.